Si kila kitu cha mchezo kiende kwenye hifadhidata

Vijana wa hapa Langoni, Lamu, wanaounda mchezo wa mtandaoni wa mashindano ya mashua, wanashikilia kwamba kila hatua iandikwe papo hapo kwenye hifadhidata, yaani ghala la taarifa linalotunzwa kwenye diski, isije ikapotea. Sivyo, wanangu. Mashua ikituma mahali ilipo mara 20 kwa sekunde, wachezaji 100 wanailazimu hifadhidata iandike mara 2,000 kila sekunde, tena habari inayochakaa kufumba na kufumbua. Hiyo ikae kwenye RAM ya seva, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta inayoendesha mchezo, ambayo hufutika umeme ukikatika. Umeme ukikatika, mbio zinaanza upya, basi.

Sarafu za mchezo ndizo za kulinda kwenye hifadhidata. Ali akimuuzia Fatma tanga, kukata sarafu za Fatma, kumwongezea Ali na kuhamisha tanga viwe muamala mmoja: vyote vifanyike, au kisifanyike hata kimoja. Kwa kazi hiyo, na kwa seva moja, hata SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, inatosha.