Lenzi Pana Haikuzi Gari

"Kaka, uje na lenzi pana kuliko zote ulizonazo, gari lionekane kubwa ndani." Kazi yangu ni kupiga picha za ndani ya magari, na wenye kampuni za utalii hapa Arusha wananiambia hivyo, wauza magari wa yadi wananiambia hivyo, hata jamaa anayeuza IST yake ya kutembelea. Nimechoka kujibu kwa simu, najibu hapa.

Lenzi pana haikuzi gari. Kazi yake ni kuingiza eneo kubwa zaidi kwenye fremu, basi. Kipi kionekane kikubwa na kipi kidogo huamuliwa na umbali wa kamera. Ukikaa nyuma na kamera ikawa sentimita 30 kutoka siti ya mbele, siti hiyo itavimba na dashibodi itakimbilia mbali, uwe na lenzi yoyote. Asiyeamini apige picha mbili bila kuhamisha kamera, moja kwa lenzi ya mm 10 na nyingine kwa mm 24 (mm zikipungua, lenzi ni pana zaidi), kisha aikate ya kwanza ilingane na ya pili. Uwiano wa siti na usukani ataukuta uleule.

Ubaya wa lenzi pana uko pembezoni. Ili mistari iliyonyooka ibaki imenyooka, vilivyo kando ya fremu huvutwa, na usukani ukiangukia kwenye kona unatoka kama yai. Fishai, ile lenzi pana kupindukia, ndiyo usiniambie kabisa: hiyo inapinda hadi nguzo za milango.

Wanaoumia zaidi ni wenye Land Cruiser za safari. Picha ya mm 10 iliyopigwa kwa karibu inaonyesha nafasi ya kunyoosha miguu. Mgeni analipia, anashuka uwanja wa ndege wa KIA, anapanda gari na magoti yanagusa siti ya mbele, na Serengeti bado iko saa nyingi mbele yake. Atakayelalamikiwa ni dereva, maskini, ambaye hata picha yenyewe hajaiona.

Mimi nafanya hivi. Kwenye kamera ya APS-C, yenye sensa ndogo, natumia mm 16 hadi 18, kwenye fulufremu, yenye sensa kubwa, mm 24. Nafungua mlango wa upande wa pili, nasimama nje na kupiga kupitia hapo, kamera ikiwa usawa wa macho ya mtu aliyeketi na bila kuinamisha, nguzo zisilale. Yaani ile lenzi ya mm 18-55 iliyokuja na kamera yako inatosha. Mm 50 naiweka kwa ajili ya nyuzi za siti na gia. Lenzi ya 10-18 naitoa kwenye Vitz tu, ambako hakuna pa kurudi nyuma, na hapo nahakikisha kando ya fremu hakuna kitu cha maana.

Mwingine atasema ndani kuna giza, lazima f/1.8, yaani tundu la lenzi liwe wazi sana. Gari limesimama, ndugu yangu! Weka tripodi, f/8 (tundu dogo), ISO 100 (unyeti mdogo kwa mwanga), shata ikae wazi hata nusu sekunde. Kwa f/1.8, na karibu vile, usukani utakuwa mkali na dashibodi ukungu. Flashi ya juu ya kamera nayo inarudi kwako kutoka kwenye vioo na plastiki. Afadhali filta ya polaraizi kupunguza mng'ao huo, ila izungushe polepole, kuna skrini za redio zinazogeuka nyeusi.

Simu? Ile lenzi pana ya 0.5 ya iPhone 11 ni sawa na mm 13 za fulufremu, kwa hiyo yote niliyosema yanaihusu. Rudi kwenye 1x, lenzi ya kawaida, simama mlangoni.

Halafu kuna "tuegeshe chini ya mti". Majani yanamwaga madoadoa ya jua ndani na kuzipa siti za krimu rangi ya kijani. Tafuta kivuli cha ukuta wa jengo, au subiri asubuhi ya mawingu ya Juni na Julai, ambayo hapa hatuna uhaba nayo. Na kama gari limetoka bandarini juzi, ile nailoni ya kwenye siti itoeni kabla sijafika.