Mshono unaobaki baada ya roboti kutoa tezi dume
Tezi dume yenye afya ina ukubwa wa ndimu ndogo, gramu 20 hivi, na imekaa pabaya. Juu yake kuna kibofu, nyuma utumbo wa haja kubwa, na ubavuni, kushoto na kulia, imekumbatiwa na mishipa ya fahamu inayosimamisha uume. Njia ya mkojo inapita katikati yake. Ukiitoa kwa sababu ya saratani, kibofu kinabaki juu na njia ya mkojo chini, vimeachana, na lazima viungwe upya. Mzee wa Mtwara au Lindi anayejipanga kusafiri hadi India kufanyiwa upasuaji wa roboti huulizia sana mashine. Mimi nataka aulizie mshono huo.

Roboti haijiamulii kitu. Daktari anakaa hatua chache kutoka kwa mgonjwa, anatazama picha ya kamera inayokuza hadi mara 10, na vidole vyake ndivyo vinavyoendesha vifaa. Mkono ukisogea sentimita 3, kifaa ndani kinaweza kuwekwa kisogee 1 tu, na mtetemo wa vidole huchujwa. Mgonjwa yuko nusu kaputi, kichwa chini kwa nyuzi 25 hadi 30 ili matumbo yapishe nyonga, na tumbo limejazwa hewa ya kaboni dayoksaidi. Matundu huwa sita hivi, mengi ya milimita 8. Kulala kichwa chini kwa saa kadhaa hupandisha presha ya macho, kwa hiyo mwenye glakoma aseme kabla tarehe haijapangwa.

Sasa mshono wenyewe. Nyuzi mbili za namba 3-0 (ndiyo unene wake), kila mmoja sentimita 15 hivi, hufungwa pamoja mikiani. Fikiria uso wa saa ya ukutani: sindano zinaanzia chini kabisa, kwenye tarakimu 6 (tarakimu, si saa sita yetu), moja inapanda kushoto, nyingine kulia, zinakutana kwenye 12. Kisha mpira wa mkojo unaingizwa na kibofu kinajazwa maji ya chumvi, mililita 120 hadi 180, kuona kama panavuja. Pakivuja, mara nyingi ni nyuma kule chini, uzi haukukazwa, au njia ya mkojo ilikatwa fupi mno ikawa inavutwa. Roboti nyingi hazirudishi hisia mkononi. Daktari anapima mkazo wa uzi kwa macho tu, na akivuta kupita kiasi uzi unakata nyama kama unavyokata sabuni ya mche.

Ndiyo maana naamini mikono ni muhimu kuliko mashine. Utafiti wa Brisbane, Australia, uliochapishwa 2016, ulilinganisha roboti na upasuaji wa kufungua tumbo: waliofanyiwa kwa roboti walipoteza damu kidogo, lakini wiki ya 12 uwezo wa kuzuia mkojo na nguvu za kiume ulikaribiana. Muulize daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi. Na saratani ikishaingia kwenye mifupa, kwa kawaida kutoa tezi si tiba tena, kwa roboti au kwa kisu.

Mpira hukaa siku 7 au zaidi, na usitolewe kabla ya siku uliyopangiwa. Ukilazimika kutoka Dar kurudi kusini kwa basi ukiwa nao, hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500: mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, bomba lisikunjwe na kiti, na kila basi likisimama shuka utembee, maana damu huganda miguuni. Mkojo wenye wekundu kidogo baada ya safari si hatari. Mabonge ya damu, homa, au mfuko mkavu kwa saa mbili huku tumbo linauma, nenda hospitali. Mpira ukichomoka kabla ya siku yake, usikubali mtu wa zahanati akusukumie mwingine kwa kubahatisha. Ncha yake inaweza kupasua mshono na kutokea nje ya kibofu. Mpira unarudishwa na daktari wa mkojo, ikibidi kwa kamera, kwa hiyo usitoke wodini bila karatasi yenye tarehe ya upasuaji, namba ya mpira (ukubwa wake) na simu ya aliyekushona.