MRI inayofuata maji ya ubongo: maswali mnayotuuliza

Mama aliamka mkono wa kulia umelegea. CT skani (picha za eksirei za kichwa) ikasema ubongo uko sawa, kesho yake MRI (picha zinazopigwa kwa sumaku) ikaonyesha kiharusi. Nani alikosea?

Pole sana, dada. Huenda hakuna aliyekosea. CT huona upesi damu iliyovuja, ndiyo maana madaktari huanza nayo. Mshipa ukiziba, saa za mwanzo CT inaweza isionyeshe kitu. MRI ya difyusheni hutazama jambo jingine: mwendo wa maji ndani ya ubongo. Seli iliyokosa damu huvimba, na maji yaliyokuwa yakizunguka hubanwa. Ni kama soko la Gikomba, Nairobi, wanapofungua marobota ya mitumba: watu tele, lakini hakuna anayesogea. Pale maji yalipobanwa, picha hung'aa nyeupe, hata ndani ya dakika chache tangu mshipa uzibe.

Basi tusubiri MRI kwanza?

Hapana, tafadhali. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na foleni ya Thika Road jioni inaweza kumeza sehemu kubwa ya muda huo. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, mkimbizeni hospitali yenye CT. Kumbukeni pia alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi. Hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa.

Kaka ana uvimbe kichwani. Tulionyeshwa picha yenye nyuzi za rangi. Ni nini?

Pasua muwa uone: nyuzi zimelala kwa urefu. Neva za ubongo nazo zimefungwa matita hivyo hivyo, na maji hupita kwa urahisi kuzifuata kuliko kuzikatiza. Mwaka 1994 mtafiti Peter Basser na wenzake walichapisha njia ya kupima mwelekeo huo kwa MRI ya difyusheni na hesabu. Rangi hutiwa na kompyuta: kwa kawaida nyekundu ni kushoto na kulia, kijani mbele na nyuma, buluu juu na chini. Daktari wa upasuaji hutazama kama njia inayoendesha mkono na mguu imesukumwa kando na uvimbe. Hata hivyo ni makadirio, hakuna uzi wowote uliopigwa picha.

MRI hii inaweza kuthibitisha kwamba baba ana Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu?

Peke yake, haiwezi. Watafiti wakilinganisha kundi la wagonjwa na kundi la wazima huona tofauti, lakini kwa mzee mmoja haitoshi kutoa jibu. Kabla hamjaitisha harambee, mwulizeni daktari: majibu yatabadilisha matibabu gani? Familia inayochanga ina haki ya kujibiwa hilo waziwazi.

Inaumiza?

Haiumi wala haina mionzi ya eksirei. Ina kelele nyingi, utapewa vizibo vya masikio. Sehemu ya difyusheni huchukua dakika chache. Mwambie mhudumu kama una kifaa cha kuendesha moyo au chuma chochote mwilini. Simu, funguo na kadi ya benki mwachie aliyekusindikiza.