Mshipa wa koronari ulioota pasipo pake: maana yake nini?

Moyo unasukuma damu ya mwili mzima, lakini wenyewe haulishwi na damu iliyojaa vyumbani mwake. Una mishipa yake miwili ya kuulisha, ndiyo inayoitwa mishipa ya koronari, mmoja wa kulia na mwingine wa kushoto. Yote huchomoza kwenye shina la aota (mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini), juu kidogo tu ya vali, yaani mlango wake, kila mmoja na tundu lake. Mshipa ukichomoza pasipo pake, ukipita njia isiyo yake au ukikosekana kabisa, hiyo ndiyo kasoro ya kuzaliwa nayo. Usiichanganye na mafuta yanayoziba mishipa ya watu wazima. Hii mtoto huumbwa nayo tumboni.

Huonekana kwa takriban mtu 1 kati ya 100, na wengi wao huzeeka bila kujua. Cha kuangalia ni mshipa umepita wapi. Ukizungukia nyuma ya aota, mara nyingi hauna neno. Wa kutisha ni ule wa kushoto unaochomoza upande wa kulia, kisha ukajipenyeza kati ya aota na ateri ya mapafu (mshipa unaopeleka damu mapafuni). Tundu lake huweza kuwa jembamba kama ufa wa mlango. Mtu akikimbia, mshipa hubanwa, na moyo hukosa damu wakati ule ule unapoihitaji zaidi. Kijana mwenye afya zake anaanguka uwanjani.

ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya mtu aliyelala kitandani huweza kutoka safi kabisa. Kinachoonyesha njia yote vizuri ni CT scan ya mishipa ya moyo: mara nyingi unapewa dawa ya kupunguza mapigo, unachomwa dawa ya rangi (utahisi joto likipita mwilini, usishtuke), unabana pumzi sekunde chache.

Mchezaji Pete Maravich alicheza misimu 10 ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Tarehe 5 Januari 1988 alianguka na kufa huko Pasadena, California, katika mchezo wa kirafiki, akiwa na miaka 40. Uchunguzi wa maiti ulikuta hana mshipa wa kushoto. Mbio zote zile alilishwa na wa kulia peke yake!

Ule wa kushoto uliobanwa kwa kawaida hupelekwa kwenye upasuaji. Kwa aina nyingine, daktari huanza na swali: umewahi kuzimia, au kubanwa kifua, ukiwa unakimbia?