Neno "Music" kwenye boksi halichezi muziki

Wiki hii lile dai la CD za "Music" limenifikia tena. Mwalimu wa kwaya, mtu ninayemheshimu sana, kaniletea CD tupu mia moja nimchomee albamu yao. Kabla sijagusa plastiki akaniwahi: "Fundi, safari hii nimechukua zile za Music. Zile za kompyuta zinaua besi." Nikatabasamu, nikameza. Hapa simezi.

CD ya kompyuta na CD ya muziki hazipo. Ipo CD-R, yaani CD tupu ya kuchomwa mara moja. Plastiki yake, polikaboneti, ni ile ile ya unene wa milimita 1.2, rangi inayochomwa na leza ni ile ile, utando unaoakisi ni ule ule. Ile ya Music imezidishiwa kitu kimoja tu: alama iliyotiwa kiwandani kwenye ATIP, yaani zile taarifa zilizofichwa kwenye mfereji wa diski kabla hujachoma chochote. Alama hiyo inatafutwa na rekoda za sebuleni, zile zinazokaa rafu moja na amplifaya, ambazo zimeundwa zikatae diski isiyo nayo. Zikatae kwa nini? Pesa. Marekani walipitisha sheria mwaka 1992 inayotoza asilimia 2 kwenye mashine za kurekodia muziki kidijitali na asilimia 3 kwenye diski na kanda zake tupu, fungu liende kwa wenye haki za nyimbo. Kwa hiyo ile alama ni stakabadhi ya ushuru. Draivu ya kompyuta yako haiiangalii kabisa. Kama huna rekoda ya sebuleni, umenunua stakabadhi.

"Lakini mimi nimesikia tofauti kwa masikio yangu." Sawa. Nami niliwahi kukaa usiku mzima na jambo hili. Nilichoma wimbo mmoja kwenye diski ya Music na kwenye diski ya kawaida, nikazirudisha zote mbili kwenye kompyuta, nikalinganisha faili baiti kwa baiti. Hazikulingana! Jasho likanitoka, nikaona miaka yote nimekuwa nawadanganya wateja. Kumbe kwa uzembe wangu moja niliisoma kwa draivu hii na nyingine kwa draivu ile, na kila draivu ina mazoea yake ya kuanza sampuli (vipande vidogo mno vya sauti) kadhaa kabla au baada ya mahali penyewe. Niliposogeza faili moja mbele kidogo, zikalalia sawasawa, hadi sampuli ya mwisho. Besi yote ilikuwepo.

Diski mbovu haipunguzi besi. Haijui besi ni nini. Diski mbovu inaleta makosa ya kusoma. Yale madogo, C1, yapo hata kwenye diski bora na yanasahihishwa yote. Kiwango kinachoruhusiwa ni 220 kwa sekunde, na diski niliyoridhika nayo iko mbali sana chini ya hapo. Yakizidi unaingia kwenye C2, makosa mazito zaidi, ambako kuna yanayosahihishika na yasiyosahihishika. Yale ya mwisho deki inayabuni, inachukua sampuli za jirani na kuziba pengo. Ikishindwa hata kubuni, ndipo unasikia "tak", ukimya, au wimbo unarukaruka. Nakiri sehemu moja: deki kuukuu inayohangaika na diski mbovu inaweza kuwa inaziba mapengo mengi bila kurukaruka, na hapo siwezi kuapa kwamba mwenye sikio kali hasikii kitu. Lakini hilo ni suala la ubovu wa diski. Halina uhusiano na neno kwenye boksi.

Na hapa kuna jambo linalonichoma zaidi ya hilo la Music. Watu wanatunza diski nzuri kwa nyaraka, halafu muziki wanaupa diski za ovyo, "si nyimbo tu". Ni kinyume kabisa! Sekta ya CD, yaani kipande kimoja cha data kwenye diski, ina baiti 2352. Ukiweka faili, 2048 ndizo zinazobeba faili lenyewe, na sehemu kubwa ya zilizobaki ni ulinzi wa ziada dhidi ya makosa. Ukiweka muziki wa kuchezwa kwenye deki, baiti zote 2352 ni muziki. Ulinzi ule wa pili haupo. Muziki ndio unaohitaji diski nzuri.

Basi diski nzuri ni ipi? Usiulize chapa, uliza kiwanda. Chapa nyingi hazina kiwanda. Zinanunua popote, na boksi lile lile mwezi ujao laweza kuwa na diski za mtu mwingine. Ingiza diski tupu, fungua programu inayosoma ATIP, utaona namba: 97:24:01 ni Taiyo Yuden, Wajapani waliobuni CD-R mwaka 1988, na hadi walipofunga uzalishaji mwishoni mwa 2015 ndio niliokuwa nikiwaamini kwa macho yaliyofumbwa. Sasa hivi hata namba naitazama kwa jicho la pembeni, maana mitambo inauzwa na namba inaweza kughushiwa. Namba ni fununu. Ushahidi ni kuchoma mbili na kuzipima.

Rangi ya mgongo usinitajie. Inaonyesha tu kemikali ya ile rangi inayochomwa: bluu iliyokolea ni azo, kijani kibichi mara nyingi ni sayanini, ile inayokaribia kuwa nyeupe ni fthalosayanini. Nimeona nzuri na mbovu za kila rangi.

Spidi: ushauri wa "choma 1x uwe salama" (1x ni spidi ya kucheza wimbo kawaida) ni wa enzi nyingine. Diski za leo rangi yake imepangwa kwa spidi kubwa, na ukiichoma polepole mno makosa yanaweza kuongezeka. Mimi naanza na 16x au 24x. Draivu isiyoifahamu diski hiyo hubahatisha nguvu ya leza, kwa hiyo draivu yako yaweza kunikana. Pima. Na usijaze dakika 80 zote. Ukingo wa nje ndio huharibika kwanza.

Stika za karatasi, hapana. Andika kwa kalamu laini ya wino wa maji, maana upande wa maandishi ndio dhaifu: utando wa fedha uko pale, chini ya vanishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa chini unaweza kusuguliwa ukapona. Wa juu ukifika kwenye utando, umekwisha.

Za mwalimu nilichoma mbili jana. C1 chini ya kumi kwa sekunde, C2 hakuna hata moja, toka ndani hadi nje. Diski safi kabisa. Kesho anakuja kuchukua, na atauliza, "Nilikwambia nini, fundi?"