Hakuna jiwe la Mirihi lililoletwa na roboti: maelezo ya maabara kwa wananchi wa Lubumbashi

Malalamiko yamezidi. Watu wanafika kwenye maabara yetu ya miamba hapa Lubumbashi na jiwe ndani ya mfuko wa plastiki, mkononi wameshika karatasi yenye muhuri, wanataka tuthibitishe kwamba jiwe hilo ni la Mirihi, sayari ambayo wengi wetu huiita Mars. Wengine wamelinunua Kolwezi, wengine Likasi, wengine wameuziwa papa hapa mjini, katika komuni za Kenya au Katuba. Karatasi hizo karibu zote zinasema jiwe "limeletwa na roboti ya Wamarekani". Dai hilo mtu yeyote mwenye simu anaweza kulichunguza mwenyewe kabla ya kutoa pesa yake, mradi ajue kufuatilia kazi ya roboti hiyo. Ndiyo sababu ya maelezo haya.

Uvumi una chanzo cha kweli. Tarehe 16 Julai 2025 nyumba ya mnada ya Sotheby's mjini New York iliuza jiwe linaloitwa NWA 16788, lenye kilo 24.67, kwa zaidi ya dola milioni 5 pamoja na ada. Hicho ndicho kipande kikubwa kuliko vyote vya Mirihi vinavyojulikana hapa duniani. Kiliokotwa Niger, katika eneo la Agadez, Novemba 2023, na baada ya mnada serikali ya Niger ilifungua uchunguzi kujua kilivyotoka nchini. Hakuna roboti iliyokigusa. Mwamba mkubwa wa angani uliigonga Mirihi, vipande vikarushwa kwa kasi iliyovitoa kwenye mvuto wa sayari hiyo, na hiki kikazunguka angani hadi kikaangukia Sahara. Habari ilipofika kwetu ilikuwa imekatwa katikati: bei ilibaki, safari ya jiwe ikapotea, na wajanja wakajaza pengo.

Basi tuzitazame roboti zenyewe. Marekani imeshusha magari matano yasiyo na mtu kwenye uso wa Mirihi: Sojourner mwaka 1997, Spirit na Opportunity mwaka 2004, Curiosity mwaka 2012 na Perseverance tarehe 18 Februari 2021. China ilishusha lake, Zhurong, Mei 2021. Leo yanayofanya kazi ni Curiosity na Perseverance tu. Hakuna hata moja lililorudi, na hakuna lililoundwa ili lirudi. Ili kuondoka Mirihi inahitajika roketi iliyosimama kule juu na mafuta yake, tayari kuruka, na mpaka sasa hakuna taifa lililowahi kurusha roketi kutoka sayari hiyo. Perseverance lina kilo 1,025, magurudumu sita, mkono wenye keekee, na mwendo ambao hata ukisukumwa hadi mwisho hauzidi mita 152 hivi kwa saa.

Wauzaji hutaja zile "chupa" ambamo roboti hufungia mawe. Chupa zipo, na hapa inafaa kuwa makini. Perseverance lilibeba mirija 43. Keekee yake hutoboa mwamba na kutoa kipande chembamba chenye umbo la chaki, kipande kinafungiwa ndani ya mrija, na mrija unazibwa hermetiki, yaani bila kupitisha hewa. Kati ya Desemba 2022 na Januari 2023 gari hilo liliweka mirija kumi chini, moja moja, mahali walipopaita Three Forks, ikae pale kama akiba. Iliyobaki imo ndani ya gari. Mpango wa kwenda kuichukua ulibuniwa na NASA, shirika la anga la Marekani, pamoja na shirika la anga la Ulaya, lakini mwaka 2023 jopo huru lilikadiria gharama kufikia kati ya dola bilioni 8 na 11, na tangu hapo umekwama. China nayo imetangaza safari yake, Tianwen-3, inayokusudiwa kuondoka karibu na mwaka 2028. Wanadamu wameleta duniani mawe ya Mwezini. Mwaka 2023 wameleta kokoto na vumbi la kimwamba cha angani kinachoitwa Bennu, gramu 121.6. Kutoka Mirihi, kwa chombo chochote cha mwanadamu, haijaletwa hata gramu moja. Anayekuuzia nusu kilo anakuibia.

Sasa namna ya kufuatilia. Picha ambazo Perseverance na Curiosity hupiga huwekwa na NASA kwenye tovuti yake zikiwa bado ghafi, bure, mara nyingi muda mfupi tu baada ya kupokelewa. Kila picha ina alama zake: jina la gari, jina la kamera na nambari ya sol. Sol ni siku ya Mirihi, saa 24 na dakika 39 na ushee, na huhesabiwa tangu siku gari lilipotua. Chagua gari, chagua sol, kisha chagua kamera. Kwenye Perseverance, Mastcam-Z ziko juu ya mlingoti na huona mbali kwa rangi. Hazcam ziko chini karibu na magurudumu, ndiyo maana picha zake zinaonekana zimepinda. WATSON iko kwenye mkono na hufanya kazi ya lupe, kioo cha kukuzia, ile ile tunayoitumia sisi kutazama punje za mwamba. Wenye forfait ndogo ya intaneti wafungue picha ndogo kwanza, zinatosha kabisa kwa kazi hii. Kabla ya kutoboa, gari husugua mwamba na kuacha duara safi la sentimita 5 hivi. Baada ya kutoboa, linapiga picha ya tundu. Mtu akikuambia jiwe lake limetoka Jezero, kreta yenye upana wa kilomita 45 ambamo Perseverance lilitua, mwombe nambari ya sol na jina la kamera. Hatakuwa nazo.

Kuna wanaotutumia video wanazoziita "direct kutoka Mirihi". Hakuna video ya moja kwa moja kutoka kule. Ishara ya redio husafiri kati ya dakika 3 na 22 kwenda upande mmoja, kutegemea umbali wa sayari mbili hizi, na picha nyingi hupitia kwanza setilaiti zinazoizunguka Mirihi. Wahandisi huandika kazi ya siku nzima, wanaituma, kisha wanasubiri. Gari lina programu ya kukwepa mawe lenyewe, kwa kuwa hakuna dereva anayeweza kushika usukani kwa umbali huo. Kila baada ya takriban miaka miwili Jua hukaa katikati yetu na Mirihi, na kwa wiki mbili hivi amri hazitumwi kabisa. Picha zikikauka kipindi hicho, tafadhali msituandikie kwamba Wamarekani wanaficha kitu.

Kuhusu rangi pia naomba uvumilivu wenu, maana swali la kwa nini rangi za picha hubadilika limejibiwa mara nyingi na linarudi vile vile. Wanajiolojia hubadilisha rangi za baadhi ya picha makusudi, ili miamba ionekane kama iko chini ya mwanga wa hapa kwetu, na macho yaliyozoea miamba ya dunia yaweze kuilinganisha. Mchanga ukionekana wa buluu katika picha ya namna hiyo, si maji. Machweo ya Mirihi ni ya buluu kweli karibu na Jua, kwa sababu ya vumbi jembamba sana hewani. Ule "mlango" uliopigwa picha na Curiosity Mei 2022 ni ufa katika mwamba, urefu wake sentimita 30 hivi. Ule "uso wa mtu" wa mwaka 1976 ulipigwa tena picha bora mwaka 2001 na ukaonekana ni kilima. Mwanafunzi wetu yeyote wa mwaka wa kwanza ameona nyufa za aina hiyo kwenye kuta za machimbo ya Kambove.

Jambo lililowachanganya watu kuliko yote ni lile la madoa ya chui, na hili linastahili kuelezwa polepole. Julai 2024, katika bonde la kale la mto linaloingia Jezero, Perseverance lilikuta mwamba wa tope lililogeuka jiwe, ukapewa jina Cheyava Falls. Una madoa meupe yenye ukingo mweusi, na timu yenyewe ikayaita madoa ya chui. Ndani yake kuna kaboni ya kikaboni, na kwenye madoa kuna dalili za madini mawili ya chuma: vivianiti, yenye fosfeti, na greigiti, yenye salfa. Hapa duniani madini hayo hutokea mara nyingi pale vijidudu vinapokula mabaki ya viumbe kwenye tope lisilo na hewa. Hata hivyo yanaweza pia kutokea bila kiumbe chochote, kwa kemia peke yake. Matokeo yalichapishwa Septemba 2025, na maneno yaliyotumika ni "dalili inayowezekana ya uhai". Waliosambaza kwamba "uhai umepatikana" walifuta neno moja wakageuza maana yote. Sampuli ya mwamba huo imefungiwa ndani ya mrija uliomo kwenye gari, na ni maabara za duniani tu, zenye mashine zisizobebeka na gari, zitakazoweza kuamua. Kwangu mimi, niliyetumia maisha ya kazi kusoma tope la kale la Katanga, hakuna jiwe ninalotamani zaidi liletwe.

Dai lingine tunalolisikia hapa tu: kwamba gari hilo linaendeshwa na uraniamu ya Shinkolobwe. Uraniamu ya Shinkolobwe ilichukuliwa na Wamarekani miaka ya 1940, hilo ni kweli na historia yake inajulikana. Lakini Perseverance linatumia oksidi ya plutoniamu-238, kilo 4.8, ambayo haichimbwi mgodini. Hutengenezwa ndani ya kinu cha nyuklia. Joto lake hugeuzwa umeme, wati 110 hivi safari ilipoanza, ambao pasi ya kawaida ya nyumbani hula karibu mara kumi yake. Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa kwa amri mwaka 2004. Anayekuletea jiwe la huko akisema ni "chakula cha roboti" anakuhatarisha wewe na watoto wako. Usilitie mfukoni, usipande nalo basi kuja kwetu. Toa taarifa kwanza.

Tunachoweza kufanya maabara ni hiki. Mleta jiwe hujaza fomu: jina, mahali na tarehe jiwe lilipopatikana, nani alilimiliki kabla yake. Bila fomu hatupokei. Mlangoni tunapima mionzi. Mionzi ikivuka kiwango, jiwe haliingii na mamlaka zinajulishwa. Kisha tunalipima uzito, tunalipiga picha pande zote, tunajaribu sumaku, tunakwaruza kwenye kigae kuona rangi ya unga wake, tunadondosha asidi, na ikibidi tunakata kipande chembamba cha kutazama kwa hadubini. Kukata kunahitaji sahihi ya mwenye jiwe, na asiye tayari kusaini arudi nalo nyumbani. Ripoti inasema jiwe ni nini. Haitaji bei. Kamwe hatukupata kutoa cheti cha bei, na karatasi yoyote yenye jina la maabara na bei ndani yake ni ya kughushi.

Mengi tunayoletewa ni vipande vyeusi vinavyong'aa vya mabaki ya tanuru, kutoka kwenye ile terril, kilima cha mabaki hayo, inayoonekana kando ya bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines. Yana vitundu vya hewa. Kimondo ni nadra sana kuwa navyo. Mengine ni madini ya chuma: hematiti, au magnetiti, ambayo hushikwa na sumaku na hivyo huwadanganya watu. Duniani kote yanajulikana mawe 400 hivi tu ya Mirihi. Utambulisho wake unatokana na gesi. Vyombo vya Viking vilipima hewa ya Mirihi mwaka 1976, na hewa ile ile ikaja kukutwa imenaswa ndani ya kioo cha kimondo kilichookotwa Antaktika. Mwaka 2013 Curiosity lilipima gesi ya argoni ya kule kwa usahihi zaidi na uhusiano huo ukathibitika. Kipimo hicho sisi hatuna, na Lubumbashi hakipo. Jiwe likituonyesha dalili za kimondo, tunaandika hivyo, tunashauri lipelekwe panapohusika, tunaishia hapo.

Adhabu nazitaja kwa sababu wengi hudhani huu ni mchezo wa mtaani. Utapeli unaangukia kifungu cha 98 cha Kanuni ya Adhabu, Kitabu cha Pili: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5, pamoja na faini. Kughushi maandishi, na hiyo ni pamoja na karatasi yenye muhuri wetu, ni kifungu cha 124: miezi 6 hadi miaka 5. Anayetumia karatasi ya kughushi huku akijua anahesabiwa pamoja na aliyeitengeneza, hivyo mnunuzi anayeamua kulisukuma jiwe kwa mtu mwingine ili arudishe hasara yake anajiingiza mwenyewe. Na ikiwa jiwe ni la madini ya kawaida, Kanuni ya Madini ya 2002 iliyorekebishwa 2018 inamtaka anayenunua mazao ya wachimbaji wa mikono ili ayauze awe na kadi ya négociant, yaani mfanyabiashara wa madini.

Aliyekwisha kulipa asilete jiwe kwetu kwanza. Ahifadhi ujumbe wote wa simu, risiti za kutuma pesa na ile karatasi, bila kuandika chochote juu yake. Aende kwa afisa wa polisi wa mahakama, OPJ, aandikishe malalamiko na apewe nambari ya faili. Parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, ikiona inafaa, itatuandikia ombi rasmi la utaalamu, na jiwe litaletwa likiwa limefungwa kwa lakiri. Ripoti inayotoka kwa njia hiyo inakubalika mbele ya hakimu. Jiwe likipitia kwetu kabla ya faili kufunguliwa, mawakili wa upande wa pili watauliza nani alilishika na lini, na hatutakuwa na jibu la kuwatosha.