Klachi mbili kwa mwaka mmoja: yanayosemwa Malindi na yaliyo kweli

Gari lilikuwa Subaru Impreza WRX, turbo, gia tano za mkono, na mwenyewe ni kijana wa hapa Malindi aliyelinunua kwa jasho lake. Nilikuwa nimelifunga klachi mpya miezi kumi na moja nyuma. Nilipolifungua mara ya pili, pleti, kile kisahani kinachopitisha nguvu ya injini kwenye gia, ilikuwa imelika mpaka kwenye vichwa vya ribiti, na ribiti zenyewe zilishaanza kuchora flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake. Harufu ya kuungua ilijaa gereji nzima.

“Ami, ulinifungia speya feki,” akaniambia, kwa adabu lakini kwa uchungu.

“Mwanangu, njoo uone mwenyewe kwanza, kisha unihukumu.” Nikamwonyesha uso wa flaiwili. Ulikuwa na madoa ya buluu, duara zima. Chuma hakishiki rangi hiyo mpaka kifike joto la nyuzi 300 hivi za selisiasi.

Siku ile kila aliyepita gerejini alikuwa na lake la kusema, na mengi ya yaliyosemwa ndiyo hasa yaliyommalizia kijana klachi. Nayaweka hapa nilivyoyasikia, na ukweli wake ninavyoujua.

“Gari la spoti lina klachi ya nguvu, halichoki”

Hili ndilo lililozama zaidi vichwani, na ndilo lenye gharama kubwa. Ni kweli kwamba springi ya presha pleti ya WRX, lile bamba linaloibana pleti kwenye flaiwili, ni kali kuliko ya Impreza ya kawaida. Lakini ukali ule umewekwa ili pleti isiteleze ikiwa imeshashikana na injini inasukuma kwa nguvu zake zote. Haukuwekwa ili pleti ivumilie kuteleza. Kamba ya nanga huhimili jahazi zima ikiwa imekazwa. Iache ibururike kwenye ukingo wa gati, itakatika uzi mmoja mmoja ingawa ni kamba ile ile nzuri.

Kuna na la matairi. Gari dogo la kuvuta kwa mbele, dereva akiachia klachi kwa pupa, tairi zinapiga kelele na kuzunguka patupu, na nguvu ya ziada inatokea pale. WRX linashika barabara kwa tairi nne pana. Hazizunguki ovyo. Sasa nguvu ile itatokea wapi? Mahali panapobaki ni kati ya flaiwili na pleti. Kwa hiyo sifa ile ile inayomfanya mtu alipende gari hili ndiyo inayoipa klachi yake mzigo ambao klachi ya gari dogo haiujui.

Halafu turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa zaidi. Mizunguko ya injini ikiwa chini, turbo haijaamka, na gari huonekana zito. Dereva asiyelizoea hupandisha mshale mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika ndipo aachie klachi. Hesabu yake ni hii: ukishikilia injini kwa mizunguko ile ile mpaka klachi ishike kabisa, joto linaloingia kwenye pleti hukua kwa mraba wa mizunguko. Aondokaye kwa 3,000 badala ya 1,500 haongezi joto mara mbili, anaongeza mara nne. Afanye hivyo kila tuta na kila mzunguko wa barabara, siku nzima ya shughuli mjini.

Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, vijana wengi wa pwani wanapanda hadi Naivasha kuitazama, na wanarudi na mwondoko wa kule. Nawaelewa, ni mchezo mzuri. Ila gari la rali halibadilishi gia kama letu: dereva anavuta mkono tu, na klachi inamfaa zaidi pale anapoondoka. Tena ana mafundi wanaomngoja kwenye kituo, na speya zimepangwa tayari. Kijana wangu ana mimi peke yangu, na speya inayokuja kwa basi kutoka Mombasa.

“Linavuta magurudumu manne, mchanga si kitu”

Kijana anakaa ndani, kwenye vichochoro vya mchanga upande wa Casuarina. Kila jioni analiingiza gari mchangani, na kila asubuhi analitoa kwa rivasi. Hapo ndipo klachi yake ya pili ilipofia. Lile la Naivasha lilichangia tu.

Land Cruiser ina gia ya kupunguza mwendo, hivyo inatambaa mchangani huku klachi imeshikana moja kwa moja. WRX yake haina. Gia ya kwanza na rivasi zote mbili ni ndefu kwa kazi ya mchanga, kwa hiyo dereva huachia klachi nusu, injini inanguruma, gari linasogea inchi inchi. Tuchukue injini inazunguka 3,000 na pleti inapitisha nguvu ya kusokota ya nyutoni-mita 100 tu, huku gari halisogei. Joto linalozaliwa hapo linapita kilowati 30. Fikiria pasi thelathini za umeme zimewashwa kwa pamoja, zote zimebandikwa kwenye kisahani cha sentimita 23, kimefungiwa ndani ya chuma, upepo hakipati. Sekunde ishirini zatosha kuibabua.

Ukweli wa mchanga ni rahisi na hauna ufahari: punguza upepo wa tairi, futa mchanga ulio mbele ya magurudumu, weka mbao au makuti magumu chini, uite watu wasukume. Klachi iachie yote mara moja kwa mizunguko ya chini. Gari lisiposogea, kanyaga tena, uzime, ushuke. Usilisikilize likinguruma ukidhani linajitahidi.

“Klachi ina kilomita zake, zikifika inakufa”

Hapana. Pleti ikishashikana haisuguani na kitu. Unaweza kuenda Mombasa na kurudi, kilomita 240 hivi, na usiile hata unywele kwenye sehemu ambazo barabara iko wazi. Inalika pale tu inapoteleza. Mtu anayekaa barabara kuu huibakisha miaka, na mtu wa vichochoroni huimaliza kabla ya bima kuisha. Ukinunua gari, usiulize limetembea kilomita ngapi pekee. Uliza lilikuwa likiegeshwa wapi.

“Kubalansi kwa klachi ndiko kujua kuendesha”

Tulifundishwa hivyo, na mtihani wa kuendesha ulitupima hivyo. Kujua kubalansi, yaani kulishika gari kwa klachi iliyoachiwa nusu, ni lazima. Kukaa umebalansi ndiko kunakoua. Nenda kwenye mwinuko wa kutokea feri ya Likoni uone: foleni inasogea hatua mbili, inasimama, na nusu ya magari ya gia za mkono yameshikiliwa kilimani kwa klachi, hendibreki imelala. Foleni ya Mtwapa hali ni ile ile, ingawa hapo ni tambarare na kosa ni la kunyatanyata nyuma ya bampa ya mwenzio badala ya kungoja pengo lifunguke.

Vuta hendibreki. Weka gia huru. Pengo likitosha, ingiza gia ya kwanza, ondoka, achia klachi yote. Na mguu wa kushoto, ukishamaliza kazi yake, uweke sakafuni. Wengi huuacha juu ya pedali bila kujua, na uzito mdogo tu unapunguza kule kubana kwa presha pleti.

“Kukanyaga klachi muda mrefu kunamaliza pleti”

Hili watu hulichanganya na lililotangulia. Ukiikanyaga mpaka chini, pleti iko huru, hailiki. Kinachochoka ni beringi ya rilizi, ile inayoiachia pleti ukikanyaga, na springi. Beringi ikilia ukikanyaga na kunyamaza ukiachia, ndiyo hiyo. Ni tabia mbaya, lakini haikuchoma klachi hii.

“Imezima kwa hendibreki, basi klachi ni nzima”

Mzee mmoja, dereva wa lori kwa miaka mingi na ninayemheshimu sana, alitaka tupime hivi: hendibreki juu, gia ya tatu, achia klachi, injini ikizima, klachi inashika. Kwa lori la zamani kipimo hicho kilimtosha. Kwa WRX hakitoshi. Injini ikiwa kwenye mizunguko ya kupumzika, nguvu yake ya kusokota ni ndogo sana, na hata pleti iliyochoka huweza kuihimili. Mteleza hujitokeza turbo ikisukuma.

Pima hivi: barabara ikiwa wazi na salama, gia ya nne, kama kilomita 60 kwa saa, kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa mizunguko ukiruka na mwendo usiufuate, klachi inateleza. Usirudierudie kipimo hicho, maana kila ukikirudia unakula kilichobaki.

Na gia zikikataa kuingia, au zikilia ukiweka rivasi, hilo ni jambo la kinyume. Hapo klachi haiachii. Tafuta upepo kwenye mfumo wa mafuta ya klachi, masta silinda (pampu ndogo inayosukumwa na pedali) inayovuja, au mafuta yaliyochakaa. Mfumo wa klachi wa gari hili hutumia mafuta ya breki, na mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani. Kwa unyevu wetu wa pwani mimi huyabadilisha kila miaka miwili. Nimeona watu wakinunulishwa klachi nzima kwa kosa lililokuwa la chupa moja ya mafuta.

“Ikiteleza, badilisha pleti, yaishe”

Hapa na mimi nina deni. Mara ya kwanza nilipoifunga klachi ya kijana, flaiwili ilikuwa na madoa madogo. Niliipiga msasa nikairudisha, kwa sababu alikuwa na safari na fedha zilikuwa fupi. Uso ulioungua haushiki pleti sawasawa. Unashika vipande vipande, na joto linajikusanya pale pale. Ilinipasa kuipeleka kwa mtu wa kerezo akaikereze, au nimwambie anunue nyingine ikiwa imepasuka. Mara hii nimefanya hivyo, na gharama ya kerezo nimeibeba mimi.

Kabla ya pleti mpya, uliza ya zamani imekufaje. Ikiwa imelowa mafuta, kuna sili inayovuja, ya nyuma ya kranki au ya mbele ya gibokisi, na pleti yoyote utakayoweka italowa vile vile. Ikiwa kavu na nyeusi yenye kung’aa, imeungua. Ikiwa imelika upande mmoja, angalia kama flaiwili na presha pleti zimekaa sawa. Tazama pia uchezaji wa pedali. Lazima pawe na nafasi ndogo kabla masta silinda haijaanza kusukumwa. Fimbo yake ikikazwa kupita kiasi, mafuta yanapopata joto hukosa njia ya kurudi, na klachi inajikanyaga yenyewe bila mguu wa mtu. Kurekebisha hilo ni kazi ya spana na dakika chache.

Badilisha pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja. Kazi kubwa ni kufungua. Beringi ya zamani ikifa baada ya miezi mitatu, utalipa kufungua mara mbili. Na uagize kwa namba ya chasisi, kwa sababu WRX nyingi za gia tano hutumia beringi ya kuvuta, hali Impreza ya kawaida hutumia ya kusukuma, na haziingiliani.

Nimesikia pia ushauri wa kumwagia soda kwenye nyumba ya klachi ili ishike. Sukari itanata kwa siku mbili, kisha itakuachia kutu na pleti iliyoganda. Na mafundi wenzangu, vumbi la klachi tusilipulize kwa kompresa. Pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Tulifute kwa kitambaa cha maji.

“Funga klachi ya rali, utasahau”

Kijana alikuwa ameshaipata, ya vipande sita vya seramiki, rafiki yake anaiuza. Nilimkatalia. Seramiki huhimili joto, ni kweli, lakini inashika kwa kishindo, haina pale katikati pa kuachia polepole. Kwenye mchanga na foleni itamrusha, dereva atazidi kuichezea, flaiwili italika haraka, na mshtuko utaingia kwenye meno ya gibokisi. Gari ambalo injini yake haijaongezwa nguvu linahitaji klachi ya kiwanda, iliyofungwa sawasawa.

Hiyo ndiyo niliyomfungia. Nilimwomba kilomita 500 za mwanzo aende taratibu, aondoke kwa mizunguko ya chini, asilivute kwa nguvu, ili nyuso mbili zizoeane. Harufu kidogo siku za kwanza isimtishe. Na gari sasa analiacha kwa mjomba wake, kando ya lami, anamalizia mchanga kwa miguu.

Juma lililopita amepita gerejini akitoka Mombasa. Kilomita 640 tangu tulifunge. Tulitoka pamoja kwenye barabara ya Mambrui, tukavuka daraja la Sabaki, gia ya nne, akakanyaga. Mshale na mwendo vilipanda pamoja.